Kipaji na Kibali: Muhammad Ali Apimwe kwa Mizani Gani?

Yeyote apitaye jioni katika mitaa ya Kariakoo na Ilala, pale wazee wanapokutana kwa kahawa na kashata, hawezi kukosa kusikia ubishi mmoja usio na mwisho: ni nani hasa aliyekuwa bondia bora. Wazee humtaja Titus Simba, aliyerudi na medali ya fedha ya uzani wa kati kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Walio makamo humtaja Rashid Matumla, na wengine Michael Yombayomba, aliyetwaa dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Vijana nao hawakubali. Wao huwataja Francis Cheka na Hassan Mwakinyo, kwa kuwa hao wamewaona kwa macho yao. Ubishi ukishapamba moto hutokea mtu akamtaja Muhammad Ali, na hapo wote hunyamaza kidogo. Kisha mabishano huanza upya: je, angempiga Joe Louis aliyemtangulia? Je, angeyahimili majitu ya leo yenye kilo zaidi ya 110?

Ubishi huo si wa kupuuzwa, na kwa wasomaji wetu wa visiwani una uzito wa pekee. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, iliruhusu tena mchezo wa ngumi, ambao ulikuwa umepigwa marufuku tangu miaka ya mwanzo ya Mapinduzi. Hivyo basi, wazee wa Ilala wanapobishana kuhusu mabingwa wa miaka ya 1970 na wa leo, mzee wa Ng'ambo au wa Wete hana wa kumtaja. Si kwamba visiwani hakukuzaliwa vijana wenye mikono mizito na macho mepesi. Walizaliwa, wakakua, wakazeeka, na hakuna aliyewaona ulingoni.

Ndiyo maana leo tumeona ni vema tuyatazame maisha ya marehemu Muhammad Ali. Hatuna haja ya kumsifu, kwani waliomsifu ni wengi. Tunataka kujifunza kwake jinsi ya kupima vipaji vya vizazi mbalimbali, na wajibu gani wanabeba wale wenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, akaitwa Cassius Marcellus Clay. Baba yake alikuwa mwandishi wa mabango, na mama yake akifanya kazi katika nyumba za Wazungu. Wakati ule mtu mweusi wa Louisville hakuruhusiwa kula meza moja na mweupe. Mwaka 1954, akiwa mtoto wa miaka 12, baiskeli yake iliibwa. Alikwenda kushitaki kwa askari polisi aliyeitwa Joe Martin, huku akiapa kwamba atampiga mwizi huyo. Askari huyo, ambaye baada ya kazi alifundisha vijana ndondi, alimshauri ajifunze kwanza kupigana. Ndivyo safari ilivyoanza.

Kipaji chake kilikuwa cha namna isiyozoeleka. Walimu wa ngumi hufundisha kwamba mikono ikae juu kulinda uso. Yeye aliiacha ining'inie. Hufundisha kwamba ngumi ikija uiname au uizuie. Yeye alivuta kichwa nyuma, ikapita mbele ya pua yake. Alikuwa na kimo cha sentimita 191, lakini miguu yake ilikuwa ya mtu wa uzani mdogo. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 18, alitwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Roma. Tarehe 25 Februari 1964, mjini Miami, alimshinda Sonny Liston, mtu aliyeogopwa kuliko bondia yeyote wa zama hizo, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ilikuwa wiki sita tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mara baada ya ushindi huo alitangaza kwamba yeye ni Mwislamu, na muda si mrefu akaliacha jina la Clay akawa Muhammad Ali. Mwaka huo huo alizuru Ghana, Nigeria na Misri. Mjini Accra alipokewa na Rais Kwame Nkrumah mwenyewe. Afrika ilimtambua kuwa ni mwanawe kabla nchi yake haijakubali hata kulitamka jina lake jipya.

Kisha ukafika mwaka 1967, mwaka ule ule ambao sisi tulitangaza Azimio la Arusha, na Bunge letu likatunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Serikali ya Marekani ilimwita Ali jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 28 Aprili, mjini Houston, alikataa kula kiapo. Alieleza kwamba dini yake haimruhusu, na kwamba hakuwa na ugomvi na watu wa Vietnam. Siku hiyo hiyo wakubwa wa ngumi wa New York walimnyang'anya leseni na kuacha kumtambua kuwa bingwa, na majimbo mengine yakafuata. Mwezi Juni mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakwenda gerezani kwa kuwa alikata rufaa, lakini pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa, naye hakuweza kupigana nyumbani wala ng'ambo. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Hapa twamwomba msomaji atulie na takwimu chache, kwa maana ndizo moyo wa hoja yetu. Hadi siku ile aliponyang'anywa leseni, Ali alikuwa amepigana mapambano 29 ya kulipwa na kushinda yote. Baada ya kurejea alipigana mapambano 32, na humo ndimo alimoshindwa mara zake zote tano. Katikati ya makundi hayo mawili pana shimo la miaka mitatu na nusu, tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970. Bondia wa uzito wa juu kati ya umri wa miaka 25 na 28 ndipo nguvu, kasi na akili hukutana. Ali aliyekuwa bora kuliko wote hakuwahi kuonekana ulingoni. Hakuna aliyempiga wala aliyepigwa naye. Alizuiwa kwa karatasi.

Ni katika shimo hilo ndipo lilipotokea jaribio la ajabu la kumaliza ubishi huu wa vizazi. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Murray Woroner, alilisha kompyuta habari za mabingwa wa zamani na wa wakati huo ili iseme nani angemshinda nani. Katika mashindano ya kwanza, yaliyotangazwa kwa redio, kompyuta ilidai kwamba Ali angeshindwa na James Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ali alifungua kesi ya kudai fidia. Baadaye yeye na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu bila kushindwa katika mapambano 49, waliingia studio mwaka 1969 wakaigiza raundi fupi fupi nyingi mbele ya kamera. Marciano alikuwa na umri wa miaka 45, naye alivaa nywele za bandia. Wiki chache baadaye Marciano alikufa katika ajali ya ndege. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, kompyuta ilimpa Marciano ushindi katika raundi ya 13. Lakini kwa watazamaji wa Ulaya ulitolewa mwisho mwingine, ambamo Ali ndiye aliyeshinda.

Somo la kichekesho hicho ni zito. Mashine hutoa kile ilicholishwa, na mwenye mashine huweza kumwuzia kila mteja matokeo anayoyapenda. Wabishani wa Kariakoo wana uaminifu zaidi, maana wao angalau hawatozi kiingilio.

Tatizo la kulinganisha vizazi si la nguvu peke yake. Zama za Joe Louis, aliyeutetea ubingwa wake mara 25 kati ya 1937 na 1949, na zama za Ali pia, pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufa kutokana na kipigo mwaka 1982, raundi zilipunguzwa kuwa 12. Kwa hiyo raundi ya 13, ya 14 na ya 15, ambamo wengi walipata utukufu na wengi waliharibika, hazimo tena katika mtihani wa leo. Zamani mtu akisema yeye ni bingwa wa dunia, ulijua kwamba hana mwenzake, au anaye mmoja. Siku hizi kuna vyama vinne vikubwa, kila kimoja na mkanda wake, na vidogo tusivyoweza kuvihesabu. Mtu hupimwa kwa mtihani aliopewa. Ukibadilisha mtihani huwezi kulinganisha alama.

Turudi kwa marehemu. Mwaka 1970 mji wa Atlanta ulimpa kibali cha kupigana, kwa kuwa jimbo la Georgia halikuwa na kamisheni ya ngumi ya kumzuia. Baadaye mahakama ikaamuru New York nayo imrudishie leseni. Juni 1971 majaji wote wanane wa Mahakama Kuu ya Marekani waliosikiliza rufaa yake waliifuta hukumu. Lakini miguu haikurudi kama ilivyokuwa. Machi 1971 alishindwa na Joe Frazier. Ili kuishi ulingoni alilazimika kubuni kipaji cha pili, nacho ni kuvumilia kupigwa. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, aliegemea kamba akamwacha George Foreman ampige hadi akachoka, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Afrika nzima ilishangilia. Wachache walijiuliza mwili ule ulikuwa unalipa kiasi gani.

Sasa tufike nyumbani. Mwanzoni mwa Februari 1980 ndege ya Serikali ya Marekani ilitua Dar es Salaam ikiwa na Muhammad Ali. Kizazi chetu kilikuwa hakijazaliwa, au kilikuwa bado kinabebwa mgongoni, lakini tumesimuliwa na waliokuwapo. Wananchi walimlaki kwa furaha kubwa. Hata hivyo safari hii hakuja kama mwana aliyerudi nyumbani. Alitumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisiende katika Olimpiki ya Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan.

Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea. Nkrumah alimpokea mwaka 1964 kwa kuwa alikuja kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1980 alikuja kwa jina la dola kubwa, na taifa huru halikuona ni heshima kuletewa mwanamasumbwi kujadili mambo ya vita na amani. Alikutanishwa na waziri wa vijana na utamaduni. Kisha akakutana na waandishi wa habari, na hapo ndipo alipopata pambano ambalo hakuliandalia mazoezi. Waliuliza kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976, wakati nchi zetu zilipoususia mchezo wa Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika mgomo ule, na Filbert Bayi, aliyekuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, alikosa nafasi ya maisha yake. Waliuliza pia kama yeye, aliyewahi kukataa kutumiwa na serikali yake, sasa hakuwa anatumiwa.

Mtu mwingine angekasirika. Ali alikiri hadharani kwamba habari za mgomo ule hakuambiwa, na kwamba huenda ametumwa kufanya jambo lisilo la haki. Alishindwa hoja Dar es Salaam, na akakubali kwamba ameshindwa. Sisi twauhesabu ukweli ule miongoni mwa vipaji vyake, ingawa hakuna kompyuta iliyolishwa habari hiyo.

Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Jirani zetu wa Uganda nao walikwenda, na bondia wao John Mugabi akarudi na medali ya fedha. Baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Kenya haikwenda. Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia katika mwaka mmoja wa 1978, hakuwahi kukimbia katika Olimpiki yoyote, kwa kuwa 1976 na 1980 zote zilimpita. Hatusemi haya kuwalaumu viongozi wa 1976. Mgomo ule ulikuwa wa haki, na makaburu waliumia. Lakini tusijidanganye kwamba haukuwa na gharama, wala tusisahau ni nani aliyeilipa.

Miezi minane baada ya kuondoka Dar es Salaam, Ali alifanya kosa kubwa kuliko yote. Alikuwa amestaafu mwaka 1979. Daktari wake wa ulingoni, Ferdie Pacheco, alikwisha kujitenga naye tangu 1977 kwa kuona jinsi alivyokuwa akiumia. Hata hivyo, akiwa na umri wa miaka 38, alirudi kupigana na Larry Holmes jimboni Nevada tarehe 2 Oktoba 1980. Alipigwa kwa raundi kumi bila kujibu chochote cha maana, hadi mwalimu wake Angelo Dundee akazuia pambano. Mwaka uliofuata alipigana tena Nassau, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 iligundulika kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na madaktari wengi wameuhusisha na ngumi alizopigwa kichwani. Ulimi uliokuwa mwepesi kuliko miguu ukawa mzito. Mwaka 1996 dunia ilimwona Atlanta akiwasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono unaotetemeka, katika mji ule ule uliompa kibali mwaka 1970. Alifariki tarehe 3 Juni 2016 akazikwa Louisville. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yatazameni maisha hayo kwa jicho la mwenye ofisi. Mwaka 1967 wenye mamlaka walimnyima kibali mtu aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake, kwa sababu isiyohusiana na ngumi. Mwaka 1980 wenye mamlaka walimpa kibali mtu aliyestahili kuzuiwa, kwa sababu pambano lilikuwa na fedha nyingi. Mara zote mbili karatasi zilikuwa na muhuri. Mara zote mbili aliyelipa ni yule yule.

Kwa hiyo jibu letu kwa wabishani wa Kariakoo ni hili. Kipaji ni cha Mungu, nacho hugawiwa kila kizazi bila upendeleo. Kibali ni cha binadamu, na hapo ndipo vizazi vinapotofautiana. Ukitaka kujua kwa nini Titus Simba alifika Edinburgh na mwenzake wa Unguja hakufika, usipime mikono yao. Pima milango waliyofunguliwa. Ukitaka kujua kwa nini tumepata medali chache tangu wakati huo, usiwatukane vijana kwamba ni wavivu kuliko baba zao kabla hujauliza wana ulingo gani, mwalimu gani na daktari gani.

Wazee wetu wa visiwani walikuwa na sababu zao katika zama zao, nasi si kazi yetu kuwahukumu. Mlango sasa umefunguliwa. Ila kufungua mlango ni nusu ya kazi, kwani Ali aliumizwa na mlango uliofungwa na akaumizwa pia na mlango ulioachwa wazi bila bawabu. Tunawaomba ndugu zetu wenye dhamana ya michezo, Unguja, Pemba na Bara, watende mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, pasiwe na pambano lolote, hata la mtaani kwenye ukumbi mdogo, bila daktari aliyepewa mamlaka ya kulizuia na ambaye halipwi na mwandaaji. Pili, kila bondia awe na daftari lake la mapambano na vipimo, na aliyepigwa akazimia asirudi ulingoni kabla ya kupimwa, hata kama tiketi zimekwisha kuuzwa. Tatu, habari za mabondia wetu ziandikwe na kuhifadhiwa, ili ubishi wa wajukuu wetu uwe na ushahidi.

Afisa anayetia sahihi karatasi hiyo Jumatatu asubuhi hasikii kelele za mashabiki wala haoni damu. Lakini ni yeye, kuliko mwamuzi aliye ulingoni, anayeamua nani aonekane na historia, na nani azeeke akitetemeka. Kalamu hiyo ni amana. Aishike kama mtu ajuaye kwamba ataulizwa.